Sauti Iliyochelewa: Kisa cha Simu Iliyoingia Uwanjani

Ilikuwa mechi ya kriketi, na wageni walikuwa wakifukuza mikimbio 188 kushinda. Ova 41 kati ya 50, kila ova mipira sita, zilikuwa zimekwisha, wako 143 kwa wiketi 6, yaani wapigaji sita wametolewa, wanahitaji 45 kwa mipira 54. Mpigaji wa kutegemewa aliyebaki alikuwa kijana wa namba tano, mwenye mikimbio 34. Ilikuwa Jumapili, mechi ya ligi ya vilabu hapa Nairobi, jua la saa tisa alasiri likichoma shingo. Mimi nilikuwa ampaya wa upande, nimesimama sambamba na mstari wa mpigaji, mita kama 20 kutoka kwake. Mwenzangu alikuwa upande wa mrushaji. Ni mzee aliyesimamia mechi nyingi kuliko mimi, na mimi mwenyewe nimejifunza kazi hii kwa kumtazama yeye. Ameniruhusu kuandika kisa hiki, mradi nisitaje majina wala vilabu.

Mpira wa kwanza wa ova ya 42 uliangukia mbali kidogo na miguu, ukainuka, ukajivuta kwenda nje. Kijana akaufuata kwa gongo huku mguu wake wa mbele haujafika. Gongo likapita karibu sana na pedi ya mguu wake, mpira ukapita karibu sana na gongo. Nikasikia mlio mmoja, mkavu, mdogo: tik. Kipa akadaka usawa wa kifua na timu nzima ikaruka juu kwa pamoja: "Hauzaaat!", ndilo dai kwamba mpira umegusa gongo kabla ya kudakwa na mpigaji atoke. Mwenzangu akatulia kama sekunde mbili, kama anavyofanya siku zote, kisha akainua kidole: ametoka.

Kijana hakuondoka. Aliigonga pedi yake kwa gongo mara mbili, ile ishara ambayo kila mchezaji anaijua: sauti mliyosikia ilitoka hapa. Kwa sheria, hilo peke yake ni kosa la utovu wa nidhamu. Lakini kabla ya yeyote kumwambia kitu, kelele zikatoka kwenye benchi la wageni. Mvulana mmoja, mchezaji wao wa akiba, alikuwa akirekodi kwa simu ova zote zile za mwisho ili waweke kwenye kundi lao la WhatsApp. Alikuwa amerudisha video nyuma na kuitazama. Akaingia uwanjani anakimbia, simu mkononi, na wenzake wawili nyuma yake wakipaza sauti: "Mwenye macho haambiwi tazama!"

"Mzee, angalia mwenyewe," mvulana akamwambia mwenzangu, kwa adabu kabisa, akishika simu kwa mikono miwili. "Mpira umeshapita, ndipo sauti inakuja."

Mwenzangu aliivua kofia yake, akaifanya kivuli juu ya kioo cha simu, akatazama. Akaomba irudiwe. Akatazama mara ya pili, mara ya tatu sikio likiwa karibu kabisa na simu. Mimi nilikuwa nimetembea kutoka upande wangu kuja kusema kwamba simu haina nafasi pale. Sikusema. Nilipofika nami niliinama, nikatazama. Na kweli, katika ile video mpira unapita gongo, unaonekana uko nusu ya njia kuelekea kwa kipa, halafu ndipo unasikia tik.

Mwenzangu akamrudisha kijana kupiga.

Mchezo ulisimama kwa dakika kumi na moja. Kapteni wa timu ya nyumbani hakutukana, hakumgusa mtu, lakini alikataa katakata kumpa mrushaji mpira mpaka aelezwe ni sheria gani inayoruhusu jambo hilo. Hatukuwa na jibu. Mwishowe aliwaambia wachezaji wake waendelee "kwa heshima ya Mzee," na wakaendelea. Kijana akamaliza na 62 bila kutolewa. Wageni wakashinda kwa wiketi 3, mipira minane ikiwa imebaki.

Hicho ndicho kisa. Nimekiandika kwa sababu tangu siku ile nimesikia kikisimuliwa kwenye vilabu viwili vitatu vya mji huu kama ushindi wa teknolojia dhidi ya mzee mwenye masikio mazito. Sicho kilichotokea, na nina njia ya kulionyesha hilo.

Nianze na hoja ya wageni, maana ni hoja nzito. Baada ya mechi, kwenye chai, kapteni wao alikaa karibu nami. "Kaka," akaniambia, "kama ukweli uko kwenye simu, na simu iko mkononi, tuufumbie macho kwa nini? Wenzetu wa mataifa makubwa wana mashine. Sisi tuna hii." Alikuwa anaamini kila neno, na sina sababu ya kumdharau. Mchezaji anayelipa nauli yake ya matatu kuja uwanjani, anayenunua pedi zake mwenyewe, anayesubiri wiki nzima apate zamu ya kupiga, akitolewa kwa kosa la ampaya ameumizwa. Mimi nimewahi kufanya kosa kama hilo na najua sura ya mtu anayerudi benchi akijua hakutoka. Kwa hiyo swali lake sikulipuuza. Nililibeba nyumbani.

Usiku ule nilimwomba yule mvulana anitumie video, si ile iliyobanwa na WhatsApp, bali yenyewe ilivyotoka kwenye simu. Akaniletea Jumatatu kwa waya mpaka kwenye kompyuta yangu, na hata akakaa nami tukaitazama pamoja. Niliifungua kwa programu ya kuhariri video, ile inayoonyesha picha moja moja juu na mawimbi ya sauti chini yake. Video ile ilikuwa ya picha 30 kwa sekunde. Mrushaji yule anarusha kama kilomita 110 kwa saa, yaani mita 30 na kitu kwa kila sekunde. Gawanya: kati ya picha moja na inayofuata, mpira husafiri mita moja nzima. Na ndivyo ilivyoonekana. Kwenye picha moja mpira uko mbele ya gongo, kwenye picha inayofuata uko nyuma ya gongo. Wakati wenyewe wa kugusa au kutogusa haumo. Simu haikuuona. Hakuna mtu aliyetazama video ile akaona mpira ukipita bila kugusa, ingawa watu kumi wangekuapia kwamba wameona.

Kilichobaki ni sauti. Ule mlio ulikuwa picha ya sita tangu mpira ulipokuwa mbele ya gongo. Hapo ndipo wote tulipopotea, mimi nikiwemo, na hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani kwetu. Aliyekulia kijijini anajua: mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaliona shoka limeshuka kimya, na mlio unakufikia wakati shoka limeshainuliwa tena. Macho hupata habari papo hapo, masikio husubiri. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na benchi la wageni lilikuwa nje ya mpaka wa uwanja.

Jumatano jioni tulikwenda kupima. Tulikuwa watu watatu: mimi, yule mvulana na simu yake, na mtunza uwanja aliyetuazima utepe wake wa kupimia. Kutoka benchi mpaka mstari wa mpigaji tulipata mita 66. Tukatia mpira kuukuu ndani ya soksi, tukaufunga kwenye kamba kama wachezaji wanavyofanya wakijizoeza peke yao, nikaushika mtunza uwanja akiupiga taratibu kwa ukingo wa gongo, huku mvulana akirekodi kutoka pale pale alipokuwa amekaa Jumapili. Mara ishirini. Kisha tukahesabu. Gongo linaukuta mpira kwenye picha moja, na mlio unatokea picha ya tano au ya sita baadaye. Kila mara. Hapakuwa na hila, hapakuwa na upepo. Ni mita 66 za hewa, karibu sehemu ya tano ya sekunde. Tulipoileta simu mpaka mita sita, picha na sauti vikaangukia mahali pamoja.

Mvulana alikaa chini kwenye nyasi akaicheza ile video ya Jumapili tena, sasa akihesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka kwenye mlio: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akafika pale pale ambapo mpira uko mbele ya gongo. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza kama anaweza kuupiga ule mpira wa soksi yeye mwenyewe, nami nikamrekodi.

Tukajaribu pia pedi, maana kijana alidai mlio ulitoka hapo. Gongo likiipapasa pedi, mlio wake ni mzito na butu, kama kupiga mto wa kulalia kwa kiganja. Ukingo wa gongo ukiguswa na mpira mgumu, mlio ni mkavu. Kwa sikio lililo karibu tofauti ni kubwa. Kwa maikrofoni ya simu iliyo mita 66, yenye upepo na watu wanaozungumza benchi, tofauti inafifia sana. Kwa hiyo sisemi kwamba video imethibitisha kijana aligusa. Nasema hivi: video iliyotumika kuufuta uamuzi, ukiisoma sawasawa, haiupingi. Inakubaliana nao. Mwenzangu alikuwa amesimama mita 20 na kitu kutoka kwenye mlio, akausikia karibu wakati ule ule ulipotokea, akapima kwa sekunde mbili, akaamua. Kisha akaletewa shahidi aliyekuwa mbali mara tatu zaidi na aliyesikia kwa kuchelewa, akamwamini shahidi huyo kuliko masikio yake.

Na kuna jambo jingine ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Sheria za kriketi zinamruhusu ampaya kumwuliza mwenzake juu ya jambo ambalo huenda mwenzake alikuwa mahali pazuri zaidi pa kulishuhudia. Mimi nilisikia tik. Mlio mkavu, mmoja. Sikuulizwa, nami sikusema. Nilisimama pale nikitazama kioo cha simu wakati nilikuwa na ushahidi bora zaidi kichwani mwangu. Sheria hizo hizo zinasema ampaya anaweza kubadilisha uamuzi wake akifanya hivyo upesi, na zaidi ya hapo uamuzi ni wa mwisho. Tena zinampa kapteni wa timu inayodaka njia ya heshima: akiona mpigaji ameonewa, anaweza kuomba kuondoa dai lake, na ampaya akikubali mpigaji anarudi. Njia zilikuwapo. Hakuna hata moja inayopitia kwenye simu ya mchezaji wa akiba.

Sasa, wenye mashine. Wengi wetu tunaifahamu DRS, mfumo wa kukagua maamuzi ya ampaya kwa mashine, kwa kuiangalia kwenye televisheni, na tunachokiona ni kwamba mchezaji anaunda herufi T kwa mikono, picha zinachezwa, haki inatendeka. Hatuoni kilicho nyuma yake. Ule mlio tunaousikia kwenye televisheni unachukuliwa na maikrofoni iliyo kwenye vijiti vyenyewe, vile vitatu anavyovilinda mpigaji, hatua chache tu kutoka kwenye gongo, na ukaoanishwa na picha za kamera za kasi kubwa. Tatizo letu la mita 66 wao walilimaliza kwa kuhamisha sikio. Njia ya mpira inachorwa kwa kamera sita au zaidi zilizozunguka uwanja na kupimwa kabla ya mechi. Gharama hiyo kwa miaka mingi imebebwa na wenye kurusha matangazo. Sisi tulikuwa na hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mpaka mwaka 2014, tukaipoteza, na tangu hapo gari la televisheni kando ya uwanja wa kriketi Nairobi limekuwa jambo la kusimuliwa. Uwanja wa Nairobi Gymkhana, ambako Februari 24, 2003 Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 na Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, siku ya kawaida ya ligi unaona ampaya wawili, mwandika alama na birika la chai.

Lakini mashine si ndizo hasa zinazonivutia katika DRS. Kinachonivutia ni mapatano. Mfumo ule ulijaribiwa kwanza mwaka 2008, India ilipokwenda Sri Lanka kwa mechi za Test, zile za kimataifa za siku tano. Mwanzoni mwa mwaka ule ule kulikuwa na Test ya Sydney ambako Andrew Symonds, akiwa na mikimbio 30, aligusa mpira ukadakwa na kipa, ampaya Steve Bucknor hakumtoa, na Symonds akaishia na 162 bila kutolewa. India ilishindwa, kelele zikawa nyingi, na Bucknor akaondolewa kwenye mechi iliyofuata. Ungetegemea India ndiyo ingekuwa ya kwanza kuililia teknolojia. Ikawa kinyume. Katika majaribio yale ya 2008 Sri Lanka ilifaulu kubadilisha maamuzi 11, India moja tu, na India ikaukataa mfumo kwa miaka, isipokuwa ulipotumika kwa timu zote kama kwenye Kombe la Dunia, mpaka 2016 ilipokubali kuutumia nyumbani dhidi ya Uingereza.

Watu wengi waliwacheka. Mimi siwacheki. Walikuwa wakiuliza swali ambalo sisi hatukuuliza Jumapili ile: hii picha ninayoonyeshwa, ni kiasi gani imeonwa na ni kiasi gani imekisiwa? Mpigaji hutolewa pia kwa pedi, ampaya akiona kwamba mpira ulioigonga ungekwenda kugonga vijiti. Lakini mpira ukigonga pedi safari yake imekwisha. Mstari unaoendelea mpaka kwenye vijiti ni makadirio ya kompyuta, mazuri sana, lakini makadirio. Ndiyo sababu kuna kile kipengele kinachowaudhi mashabiki kuliko vyote: mashine ikionyesha kwamba mpira ungegusa kijiti kwa sehemu ndogo tu, chini ya nusu ya mpira, basi neno la ampaya linabaki, liwe ni kutoa au kutotoa. Picha moja, mipira miwili inayofanana, mmoja katoka mwingine kabaki. Mashabiki huona ni upuuzi. Mimi naona ndicho kipengele cha kweli kuliko vyote, kwa sababu ni mashine inayokiri mpaka wa uwezo wake, na mahali inapoishia inamrudishia kazi mtu aliyesimama pale.

Kombe la Dunia la 2011, India na Uingereza kule Bangalore, mpira ulimpiga Ian Bell kwenye pedi akiwa ametoka mbele sana. Ampaya Billy Bowden hakumtoa, India ikaomba ukaguzi, na mashine ikaonyesha mpira unaelekea kwenye vijiti. Bell mwenyewe alishaanza kuondoka. Lakini kanuni ya wakati ule ilisema mpira ukigonga pedi zaidi ya mita 2.5 kutoka kwenye vijiti, makadirio hayaaminiki vya kutosha kumlazimisha ampaya abadilishe uamuzi. Bell akabaki. Mechi ikaisha sare, 338 kwa 338. Dhoni, kapteni wa India, alikasirika na hakuficha. Hata hivyo hakuwaondoa wachezaji uwanjani wala mtu hakuingia na kifaa chake. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mashindano, na iliwauma walioumwa.

Mfano mkubwa zaidi ni Headingley, 2019. Uingereza ilihitaji mikimbio miwili, imebaki wiketi moja. Nathan Lyon akampiga Ben Stokes kwenye pedi. Ampaya Joel Wilson akatikisa kichwa. Australia haikuwa na ukaguzi uliobaki, kwa kuwa ova moja kabla iliutumia wa mwisho kwa dai lisilo na msingi. Muda mfupi baadaye ulimwengu mzima uliiona mashine ikionyesha mpira unavunja vijiti. Uingereza ikashinda kwa wiketi moja, Stokes 135 bila kutolewa. Hapo ukweli ulikuwa kwenye kioo, tena kioo cha kuaminika mara mia kuliko simu yetu. Matokeo hayakuguswa. Kapteni wetu mgeni angeuliza vilevile: tuufumbie macho kwa nini? Jibu ni kwamba timu zote mbili ziliingia uwanjani zikijua kila mmoja ana nafasi ngapi za kuukagua uamuzi, na Australia ilizichezea zake. Kuzitunza nafasi hizo ilikuwa sehemu ya mchezo kama kurusha na kupiga.

Jumapili yetu haikuwa na mapatano yoyote. Wageni walikuwa na simu kwenye benchi lao, wenyeji hawakuwa nayo. Fikiria video ile ingeonyesha kwamba mpigaji wa wenyeji aliyetolewa asubuhi hakugusa: nani angeileta? Mvulana asingefuta kitu, si mwongo, lakini asingekimbia nayo uwanjani pia. Ushahidi unaoletwa na upande mmoja, wakati upande huo unapotaka, kuhusu mpira uliouchagua wenyewe, una mzani uliolalia upande mmoja hata kama kila picha ndani yake ni ya kweli. Wenyeji walirusha ova 41 wakidhani wanacheza mchezo fulani, na kwenye ova ya 42 wakaambiwa ni mwingine. Hilo ndilo kosa tulilowatendea, mwenzangu kwa kutenda na mimi kwa kunyamaza.

Tuliandika ripoti mbili, kila mtu yake. Kamati ya ligi ikaacha matokeo yasimame, nami nakubaliana nayo, kwa kuwa hakuna sheria ya kriketi inayofuta mechi kwa kosa la ampaya, na tukianza kufuta hatutajua pa kuacha. Kijana wa namba tano alipewa onyo kwa kugonga pedi. Mwenzangu hakusimamia mechi Jumapili iliyofuata. Nilimpelekea kompyuta nyumbani kwake, tukahesabu zile picha sita pamoja mezani, chai ikipoa. Alinyamaza kitambo. "Kumbe nilisikia sawa," akasema, na nikamwona amefurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Wiki iliyofuata alirudi.

Hata hivyo sitaki simu zipigwe marufuku uwanjani, kama wengine walivyopendekeza. Kuna kazi moja ambayo simu inaweza kuifanya vizuri, na si bahati kwamba ndiyo kazi ya kwanza ambayo televisheni ilipewa katika mchezo huu. Novemba 1992 kule Durban, Sachin Tendulkar alikuwa mpigaji wa kwanza kutolewa kwa ampaya wa tatu kutazama televisheni, naye alitolewa kwa kukimbia. Kukimbia ni suala la mstari. Mstari umechorwa chini, hauhami, na hakuna cha kukisia: vijiti vimevunjwa, je, gongo limefika au halijafika? Sauti haihitajiki kabisa.

Kwa hiyo tulipima hilo nalo. Mpigaji anayekimbia kwa nguvu huenda kama mita 7 kwa sekunde. Kwa video ya kawaida ya picha 30, anasogea sentimita 23 kati ya picha na picha, na sentimita 23 ni nyingi mno kwa maamuzi ya aina hii. Lakini simu nyingi siku hizi zina mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, na hapo anasogea kama sentimita tatu. Hizo zinavumilika. Sharti moja tu: simu iwe sambamba kabisa na mstari. Ikiwa hatua mbili mbele au nyuma, mpigaji aliyefika ataonekana hajafika. Mimi ninayesimama upande huo najua, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu nami hukimbilia mstari kila wanapoanza kukimbia.

Tumewaomba makapteni waturuhusu tujaribu kwenye mechi za kirafiki. Simu mbili, moja kila upande wa pichi, juu ya vigingi, mahali ambapo mtunza uwanja amepaweka alama ya chokaa usawa wa mstari. Anayezisimamia ni yule mvulana, na siku hiyo hachezi wala hakai na timu yoyote. Ni kwa kukimbia tu. Anayeomba picha ni ampaya, si mchezaji, na anaomba kabla hajaamua. Mlio wa gongo, pedi, na kudaka chini chini kunabaki kwa walio uwanjani. Kapteni mmoja aliuliza itakuwaje simu ikizima chaji katikati ya ova. Tumeandika: ampaya ataamua kwa alichokiona, na mchezo utaendelea.